Kagua mfuniko kwanza: vyombo vya kuhifadhia nafaka za jumla nyumbani

Agosti iliyopita nilinunua maharage ya njano kilo 60 pale Tandale. Ni msimu ambao mzigo wa Nyanda za Juu Kusini unakuwa umeshafika na bei imetulia, na mtu mwenye watoto wanne anajua kwamba akisubiri Januari, ada na maharage vitamkuta kwa pamoja. Siku hiyohiyo nikapita Kariakoo nikanunua ndoo tatu za plastiki zinazoonyesha ndani, zenye vibanio vinne kila moja, shilingi 18,000 kwa ndoo. Muuzaji alizigonga kwa ngumi nisikie unene wa plastiki. Akamimina maji ndani nione hazivuji. "Mama, hii hata hewa haipiti," akaniambia. Nikamwamini.

Ndoo ya kwanza tuliimaliza bila tatizo. Ya pili niliifungua mwanzoni mwa Novemba, na kabla sijaona chochote nilinusa ile harufu ya vumbi la maharage yaliyobunguliwa. Juu kulikuwa na unga mwembamba, na chini yake vidudu vya kahawia vinatembea kama vimepangishwa humo. Nikafungua ya tatu, hali ilikuwa mbaya zaidi. Nilikaa na ungo kibarazani siku nzima nikichambua, na katika kilo 40 nikaokoa kilo tisa. Kilo 31 kwa bei niliyonunulia ya shilingi 2,800 ni shilingi 86,800, na hapo sijahesabu ndoo zenyewe.

Nilipoandika kuhusu hasara hiyo, wasomaji walianza kuniletea za kwao. Mama mmoja wa Tegeta alipoteza mchele wa nusu mwaka. Dada mwingine alihifadhi mahindi ya uji wa mwanawe, yakaota ukungu ndani ya pipa jipya kabisa. Kila mmoja aliuliza swali lilelile: ninunue chombo gani? Nimetumia miezi hii kununua, kupima na kuharibu, na majibu yangu ni haya. Sitazungumzia rangi, ukubwa wala kama kinapendeza kwenye rafu. Hayo kila mtu anayaona mwenyewe dukani. Nitazungumzia kitu ambacho sijawahi kumwona mnunuzi akikikagua, nami sikukikagua, yaani mfuniko.

Wadudu hawakutoka nje

Kwanza tuelewane kuhusu wadudu, maana wengi wetu tunafikiri wanaingia stooni kutoka nje. Mdudu wa maharage hutaga mayai shambani, maganda yanapokauka, au hutaga katikati ya punje baada ya kupura. Funza wake akiangua hutoboa punje na kuingia ndani, ambako humwoni. Unaponunua kilo 60 zinazong'aa, zilizopepetwa vizuri, tayari umebeba wapangaji. Kwenye joto la Dar es Salaam huwachukua kama mwezi mmoja hadi mwezi na nusu kukua na kutoka kwa kile kitundu cha duara tunachokijua, kisha nao hutaga. Ndiyo maana ndoo yangu ya kwanza ilisalimika: tuliila kabla kizazi cha pili hakijatoka. Fukusi wa mahindi na wa mchele naye ni vivyo hivyo, anakuja akiwa ndani ya punje.

Kwa hiyo kazi ya chombo ni kuwaua waliomo. Chombo kisichopitisha hewa kabisa huwaua bila dawa yoyote. Wadudu na mayai yao wanapumua, na wanapopumua wanaimaliza oksijeni iliyobaki katikati ya punje huku hewa ya ukaa ikiongezeka. Oksijeni ikishuka wanaacha kula, wanaacha kutaga, na mwishowe wanakauka, kwa sababu mdudu wa nafaka kavu hujitengenezea maji mwilini kwa kutumia oksijeni hiyohiyo. Ila hayo yanatokea pale tu ambapo hewa mpya haiingii. Mfuniko ukiwa na upenyo mwembamba kama uzi, hewa inaingia kidogo kidogo mchana na usiku, nao wanaendelea kuishi. Tena wamekingwa na kuku, mijusi na jua. Ndoo zangu za shilingi 54,000 zilikuwa banda la kufugia.

Kasoro yenyewe iko wapi

Zile ndoo na makontena yenye vibanio pembeni hubana pale kibanio kilipo. Katikati ya kibanio na kibanio, ukingo wa mfuniko unainuka kidogo, hasa chombo kikijaa na ubavu wake kutanuka. Ukiangalia kwa macho huoni. Chukua kipande cha karatasi ya daftari, kiweke juu ya ukingo katikati ya vibanio viwili, funga, kisha vuta. Kwenye ndoo zangu karatasi ilitoka kama niliyoiweka juu ya meza.

Kitu cha pili ni mpira. Geuza mfuniko uangalie mfereji wake wa ndani. Je, kuna mpira laini wa duara umekaa humo, mzima, bila kiungo kilichoachia? Ndoo nyingi sokoni hazina mpira kabisa, plastiki inakutana na plastiki. Nyingine zina mpira mgumu ambao umeshakauka kwa kupigwa jua mlangoni kwa muuzaji. Ubonyeze kwa ukucha. Ukiona ufa mdogo, rudisha.

Kitu cha tatu ni kusikiliza. Funga chombo kitupu, kikumbatie, ukibane ubavuni kwa nguvu huku sikio likiwa karibu na ukingo. Chombo kizuri kinakataa kubonyea, kinakurudishia mikono. Kibovu kinapumua "fsss". Jipimie mwenyewe na usimwachie muuzaji, kwa sababu yeye atakuonyesha kwamba hakivuji maji chini, na kitako si mahali unapopata hasara.

Sasa mpangilio wangu.

1. Mfuko wa PICS

Nasema wazi kwamba hapa nina upendeleo, na sababu zake ninazo. Mfuko wa PICS una tabaka tatu: nailoni mbili nzito za ndani, moja ndani ya nyingine, na mfuko wa salfeti wa nje unaobeba uzito. Utafiti wake ulianza miaka ya 1980 huko Kamerun, kwa ajili ya kunde za wakulima wadogo, ukiongozwa na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, na herufi P ya jina la mfuko ni ya chuo hicho. Ulianza kama mfuko wa kunde, baadaye ukathibitika kwa mahindi, maharage, karanga na nafaka nyingine. Mara nyingi tunaufikiria kama kitu cha mkulima wa Kibaigwa mwenye magunia 30. Nimekuja kuona kwamba mama wa mjini anayenunua kwa jumla anauhitaji vilevile.

Ninaupenda kwa sababu hauna mfuniko. Hakuna ukingo wa kupinda, kibanio cha kukatika wala mpira wa kukauka. Mfuniko wake ni mkono wako na kamba: ukifunga vizuri umefungika, na ukifunga vibaya unajua wa kumlaumu na unarekebisha palepale. Nilinunua miwili ya kilo 50 kwenye duka la pembejeo, shilingi 5,500 kila mmoja. Linganisha na 18,000 za ndoo moja.

Namna ya kuutumia, maana nimeona watu wakiufunga kama kiroba cha mkaa. Kwanza pima kila nailoni: ipulizie hewa, sokota mdomo, ibane kama puto, sikiliza na uangalie. Ikipumua, hiyo ya kubebea nguo. Kisha jaza nailoni ya ndani kidogo kidogo huku ukitikisa mfuko ili punje zishikane na hewa ipungue. Usijaze hadi juu. Acha shingo ya kutosha, kama urefu wa kiganja na nusu, ukandamize hewa yote itoke, sokota shingo hadi iwe ngumu kama kamba ya nanga, ikunje mara mbili, ufunge kwa kamba au kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mimi natumia tyubu kwa sababu inavutika na kuendelea kukaza. Halafu ifunge nailoni ya pili peke yake kwa namna ileile, kisha salfeti. Mafundo matatu. Ukizikusanya zote na kuzifunga kwa fundo moja umeharibu, kwa sababu hewa hupita kwenye mikunjo baina yake.

Weka mfuko juu ya chaga au mbao, mbali kidogo na ukuta. Usiufungue kabla ya miezi miwili. Hili la kutofungua ndilo gumu kwa wengi wetu, tunapenda kuchungulia. Kila ukifungua umewapa wadudu pumzi mpya. Ndiyo maana nashauri miwili ya kilo 50 badala ya mmoja wa 100: unafungua mmoja, wa pili umelala hadi zamu yake. Ukitunzwa vizuri unatumika misimu mitatu hivi, na nailoni ikitoboka inaishia kuwa kizuizi cha maji ya mvua dirishani.

Adui wake ni panya, anaweza kuutafuna. Adui mwingine ni dumuzi wa mahindi, yule ambaye wakulima wengi wanamwita skania, aliyeingia nchini kupitia Tabora na kusambaa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yeye ana meno ya kutoboa hata mti, na anaweza kuitoboa nailoni ya ndani. Mara nyingi ile ya pili inabaki nzima, na hapo ndipo utaelewa kwa nini ziko mbili.

Na hapo ndipo panaponikera. Kuna wauzaji wanaouza mfuko wenye nailoni moja tu, au nailoni mbili nyepesi kama za kufungia mkate, kwa bei ileile na maneno yaleyale. Mimi niliuziwa mmoja hivyo sokoni, nikagundua nyumbani. Niliporudi nikaambiwa, "Dada, mfuko ni mfuko." Fungua mdomo wa mfuko mbele ya muuzaji, hesabu tabaka kwa vidole, papasa unene. Akikasirika, nenda duka la pili. Ipo mifuko mingine ya aina hii iliyo halali, kama AgroZ inayotengenezwa na A to Z ya Arusha, nami sina ubaya nayo. Ila kwangu PICS ndiyo niliyoilalia na kuamka nayo, kwa sababu ya ile nailoni ya pili.

2. Pipa lenye mkanda wa chuma

Kwa familia kubwa, au kwa nyumba yenye panya wasiokoma, nunua lile pipa la plastiki la bluu ambalo mfuniko wake wote unatoka na kubanwa na mkanda wa chuma wenye mkono wa kukazia. Mkanda unabana mzunguko mzima kwa nguvu sawa, ndiyo tofauti yake na vibanio vinne. Ndani ya mfuniko kuna mpira mnene. Nimelipima kwa karatasi katika sehemu nane, haikutoka hata sehemu moja.

Tatizo ni historia yake. Mengi ya mapipa haya yalikuja nchini yakiwa na kitu kingine. Likiwa lilibeba juisi nzito au mafuta ya kula, liogeshe kwa maji ya moto na sabuni, likauke juani siku mbili, na harufu ikiisha unalo. Likiwa lilibeba kemikali, hakuna kuosha kutakakolifanya kuwa la chakula. Muuzaji hatakuambia. Nimesimama mbele ya kijana anayebandua lebo ya alama ya hatari kwa wembe huku akiniambia lilikuwa la asali. Tafuta lebo au mabaki yake, nusa mfuniko (harufu hukaa kwenye mpira kuliko kwenye plastiki), na usipopata jibu linaloeleweka, ondoka. Vivyo hivyo ndoo za rangi za lita 20. Najua ziko katika nusu ya majiko ya mji huu. Zibaki za maji ya kudekia.

Pipa nusu tupu ni tatizo jingine. Hewa nyingi iliyobaki juu inawapa wadudu muda mrefu. Jaza hadi karibu na ukingo, na ukishaanza kulitumia, hamishia kilichobaki kwenye chombo kidogo.

3. Kihenge cha bati

Hiki kinatengenezwa na fundi bati, kina mdomo juu wa kumiminia na mwingine chini wa kutolea. Panya hawezi, skania hawezi, na kinakaa miaka mingi kikiwa kivulini. Sikukipa nafasi ya juu kwa sababu ya mifuniko, tena miwili. Fundi anapima kwa macho, na kila kihenge kina mfuniko wake usiofanana na mwingine. Dawa ni kuzungushia tyubu ya baiskeli kwenye kila mdomo na kupaka grisi ukingoni. Wengi huwasha mshumaa juu ya kisahani, wakauacha ndani juu ya nafaka na kufunga, ili moto upunguze oksijeni hadi uzimike wenyewe. Fanya hivyo ukiwa makini, punje ni kavu. Ukiwa unaishi chumba na sebule, ruka hiki.

4. Ndoo na makontena ya dukani

Yanafaa kwa chakula cha mwezi mmoja tu, jikoni. Hapo hata mfuniko usio kamili hautakuumiza, kwa sababu unamaliza kabla wadudu hawajazaliana. Chagua mfuniko wa kuzungusha wenye mpira, na mdomo mpana unaoingiza mkono wote hadi kwenye kona za chini, kwani ndipo unga wa zamani na mayai hubaki. Kabla ya kujaza upya, mwaga kilichobaki, osha kwa maji ya moto, anika. Kumimina mpya juu ya mabaki ni kuwapelekea chakula.

Hapa lazima niseme jambo linalonichoma. Ndoo inakaa miaka kumi, mfuniko wake unapasuka ukingoni ndani ya mwaka, kwa sababu tunaufungua kwa kuuvuta upande mmoja. Jaribu kununua mfuniko peke yake. Nimezunguka Kariakoo asubuhi nzima kutoka mtaa mmoja hadi mwingine na kila duka lilinijibu kwamba mfuniko hauuzwi bila ndoo. Nimeona dukani rundo la ndoo zisizo na mifuniko zikiuzwa za maji, maana yake mifuniko yake ipo mahali fulani. Nimekuta pia ndoo za jina moja, lita zilezile, za miezi miwili tofauti, na mfuniko wa hii haukai kwenye ile kwa tofauti ya unene wa kucha. Kwa hiyo mwanamke ana ndoo sita jikoni na mifuniko miwili, na anaambiwa anunue ya saba.

5. Dumu la mafuta

Dumu la lita 20 lililokuwa na mafuta ya kula, likioshwa na kukaushwa vizuri, kizibo chake cha kuzungusha kinabana kweli. Lijaze hadi shingoni. Linafaa mbegu, kunde, choroko. Kulikausha ndani ni kazi.

Gunia tupu au kiroba, sina la kusema. Ni cha kusafirishia.

Kabla hujafunga

Chombo kizuri kinaweza kukuumiza kuliko kibovu endapo utafungia nafaka yenye unyevu. Yule dada wa mahindi ya uji alinunua pipa sahihi, mfuniko sahihi, akajaza mahindi yaliyokuwa bado na maji. Unyevu haukuwa na pa kutokea, ukungu ukaota. Na ukungu wa mahindi na karanga unaweza kuzaa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Kipimo cha nyumbani ni chumvi na chupa. Kausha chumvi juani au kwenye sufuria hadi iteleze kama mchanga. Chukua chupa safi ya kioo iliyo kavu, weka punje hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, iache dakika kumi na tano. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15, hayo usiyafungie. Isiposhika, bado mimi huanika siku moja zaidi juu ya turubai, kwa sababu chombo kisichopitisha hewa kinataka asilimia 13 hivi. Jino pia linasema: punje kavu inapasuka "ka!", yenye maji inabonyea. Usianike Dar wakati wa masika ukategemea kitu.

Jambo jingine: vile vidonge vya gesi vinavyouzwa kimojakimoja sokoni kwa ajili ya "kuua fukusi". Vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo imeua watu waliolala chumba kimoja na magunia. Havina nafasi kwenye nyumba ya kuishi, wala stooni, wala chini ya kitanda. Nilimkuta muuzaji akimfungia mama mmoja kidonge ndani ya karatasi ya gazeti, bila neno hata moja la onyo, na mama yule alikuwa na mtoto mgongoni. Nilimfuata nikamweleza. Mfuko wa shilingi 5,500 unafanya kazi hiyohiyo bila kumuua mtu.

Majivu na majani ya mwarobaini bibi zetu waliyatumia, na majivu yanasaidia kweli yakiwa mengi kiasi cha kujaza nafasi baina ya punje. Lakini ni mengi mno kwa nyumba ya mjini, na kuosha maharage yenye majivu ni adhabu.

Stoo yangu ilivyo sasa

Maharage: mifuko miwili ya PICS ya kilo 50 juu ya chaga, kila mmoja una tarehe niliyoiandika kwa kalamu ya wino mzito. Sinunui zaidi ya haya, hata bei ikiwa nzuri vipi, kwa sababu maharage yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu wa pwani hugoma kuiva, na unachookoa sokoni unakimaliza kwenye mkaa.

Mahindi: pipa moja lenye mkanda. Nasagisha ya wiki tatu tu. Dona haidumu kwa sababu kiini chenye mafuta kimo ndani, inaanza kuchachuka. Sembe inavumilia zaidi.

Mchele: mfuko mmoja, na kabla ya kufungia naupepeta pumba na vumbi vyote vitoke. Wa Kyela unapoteza ile harufu yake ukikaa, kwa hiyo wa kunukia nanunua kidogo na wa kila siku ndio nahifadhi.

Unga wa lishe na wa ngano: mifuko ya kilo moja moja, siku nne kwenye friza, halafu kontena lenye mpira. Baridi hiyo inaua mayai.

Dagaa wa Mwanza wana kopo lao nje ya stoo. Harufu yao inaingia kwenye unga.

Kila mwisho wa mwezi nachota cha mwezi unaofuata, nakipeleka kwenye makontena ya jikoni, na mfuko mkubwa unafungwa tena mafundo matatu.

Na unapokwenda sokoni, dai mizani. Wakala wa Vipimo umepiga vita lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, miaka mingi, lakini rejareja bado tunapimiwa kwa debe lililobonyezwa kitako na kwa sado, kile kikopo cha rangi cha lita nne. Nilibeba mizani yangu ndogo ya kuning'iniza, ya kilo 50, nikapima "debe tano" nilizouziwa. Debe la tatu lilikuwa pungufu ya la kwanza kwa karibu kilo mbili, na ni mkono mmoja uliopima. Usipojua kilo zako hujui hata ununue mifuko mingapi.

Mfuko wa kwanza niliufungua Januari, miezi miwili na nusu baada ya kuufunga. Wale wachache waliokuwamo walikuwa wamekauka, wepesi kama pumba, na maharage mazima. Mifuniko ya ndoo bado natafuta. Mwenye kujua duka lolote Dar linalouza mfuniko wa ndoo ya lita 20 peke yake, wenye mpira, aniandikie jina la mtaa.